Kilichomo Ndani ya Sekunde

"Hivi jirani, ndani ya sekunde moja mna nini?"

Mama Pacha aliniuliza hivyo juu ya kamba ya nguo, shuka langu likiwa katikati yetu na vibanio viwili vikiwa mdomoni mwangu. Nikavitoa. Swali la namna hiyo mtu halijibu na vibanio mdomoni.

"Sekunde ni sekunde," nikasema. "Ukishatamka moja, imekwisha."

"Nami ndivyo nilivyofundishwa. Sasa niambie. Mwanao na mwanangu wameingia sekunde ileile, wa kwako yumo, wa kwangu hayumo. Huyo wa kwako alipenya wapi?"

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaingia ndani bila kuanua nguo zake, na mawingu yalikuwa yameshafunga. Mwanamke anayeacha nguo zake zinyeshewe hakuja kuchekesha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Chuo cha uuguzi kilitangaza nafasi arobaini. Mwenye alama za kutosha anajaza fomu kwenye simu au kompyuta, milango inafunguliwa saa mbili kamili asubuhi, na anayetangulia kutuma ndiye anayetangulia kupata. Hakuna usaili, hakuna kijikaratasi kutoka kwa mkubwa fulani. Ili watu wasinung'unike, orodha ilibandikwa ubaoni pale getini, jina la mtu na saa aliyopokelewa, mpaka sekunde yake. Binti yangu, kitinda mimba wangu, alikuwa wa arobaini. Chini yake ulipigwa mstari mwekundu. Chini ya mstari, wa kwanza katika wanaosubiri, alikuwa binti wa Mama Pacha. Saa zao hazikupishana hata kidogo.

Binti yangu alimaliza shule miaka miwili nyuma. Tangu hapo tulikaa wote kwenye kibanda changu cha cherehani, mimi nashona sare za shule, yeye anatia vifungo. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila alivuta uzi kwa nguvu mpaka ukakatika, halafu akatunga mwingine. Mwaka unaofuata umri wake ungekuwa umepita ule chuo kinaoutaka. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Kwa hiyo nilipaswa kufurahi, na kweli nilipiga magoti nikashukuru. Lakini shukrani yenyewe ilikuwa na mfupa ndani.

Asubuhi ile ya kutuma fomu, binti alisimama dirishani, kwa sababu chumbani kwetu mtandao hupatikana hapo tu. Fomu imejaa, kidole kiko tayari. Nikamwambia, ngoja kwanza tuombe.

"Mama, tutume kwanza. Mungu atatukuta njiani."

"Mungu hakutwi njiani. Fumba macho."

Na sala yangu si fupi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema chakula cha nyumba hii hupoa kikisubiri amina. Niliomba kwa ajili ya chuo, kwa ajili ya simu, kwa ajili ya wale wanaozipokea fomu. Nilikuwa bado sijafika amina niliposikia upande wa pili wa ukuta, Mama Pacha na watoto wake wakipiga kelele: "Imekwenda! Imekwenda!" Ndipo binti yangu akabonyeza. Kile kiduara cha simu kikazunguka, kikazunguka, mpaka nikaanza sala ya pili.

Sasa wewe mwenye akili nieleze. Wao walishashangilia, sisi tulikuwa hatujabonyeza. Tulifikaje pamoja?

Hilo sikumwambia mtu.

Jioni ya siku ile ya swali, shemeji yangu alipita nyumbani. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, na ni karani wa usajili palepale chuoni, tangu zama za kugonga muhuri kwenye bahasha. Ndiyo maana mtaa mzima humwita Muhuri. Shemeji huyu haingii kwangu bila mzaha. Atasema, "Mke wangu, chakula kiko wapi?" nami nitamwambia mke wake yuko kwake, aende akamsumbue huyo. Siku ile aliegemea mlango tu, baiskeli akiwa ameishika kwa mkono mmoja.

"Leo vipi, shemeji? Huulizi hata chakula?"

"Nimeshiba."

Nikamsimulia swali la Mama Pacha, kwa kumchekesha. Hakucheka. Akaanza kuipiga kengele ya baiskeli kwa kidole gumba, polepole, kama mtoto.

"Wivu tu huo," akasema. "Mwache aseme, atachoka. Ila wewe usiende kule ofisini kuuliza. Utamharibia mtoto."

"Nani kasema nakwenda?"

"Hapana, nasema tu."

"Na kuuliza kutamharibia vipi?"

"Shemeji, nawe! Mtu akipewa haulizi." Akapanda baiskeli yake akaenda, na kumsalimia mtoto wa kaka yake, ambaye alikuwa ndani anapiga pasi, hakumsalimia.

Nilikaa nikamtazama binti. Nikafikiri: hawa, yeye na baba yake mdogo, wana neno. Halafu nikajikemea. Lakini shaka ni kama kunguni, ukishamwona mmoja usiku huo hulali.

Siku zilizofuata Mama Pacha alihama benchi. Tangu nimefiwa tulikuwa tukikaa pamoja kwenye ibada, bega kwa bega, kitabu kimoja cha nyimbo. Sasa alikaa mbele na kunigeuzia kisogo. Nikajua nisipolisema mimi, litasemwa na wengine, na likisemwa na wengine litaongezwa chumvi. Nikagonga mlango wake.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunakwenda chuoni, wote. Tukaonyeshwe hiyo sekunde."

Alinipima kuanzia miguuni. "Shemejio si yuko huko?"

"Yuko. Hatuendi kwake. Tunakwenda kwa mwenye kompyuta."

Binti yake alikataa kuja, alisema ni aibu. Wa kwangu nilimwambia atakuja, na bahasha yake ya vyeti aichukue. Njiani aliishika bahasha kwa mikono miwili. Mama Pacha alitembea hatua moja nyuma yetu, kama askari anayesindikiza.

Fundi wa kompyuta wa chuo alikuwa dada mmoja kijana mwenye sweta, maana chumba chake kilikuwa na baridi ya mashine ya kupoza hewa, na mashine yenyewe ilidondosha maji kwenye ndoo. Wenzake walimwita Injinia. Alitupa viti viwili, cha tatu kilikuwa kimechanika, binti yangu akabaki amesimama nyuma yangu. Bahasha aliiweka mezani, nami nikaiegemea na kiwiko.

Mama Pacha alirusha swali lake lilelile, safari hii bila kicheko.

"Ndani ya sekunde mna vingi, mama," Injinia akajibu. "Nani kati yenu anashona?"

"Umejuaje?"

"Una pini kifuani. Mteja akikuuliza kiuno chake, unamwambia ngapi?"

"Inchi thelathini."

"Hata kanda ikisoma thelathini na vistari vitatu?"

"Nikimtajia vistari ataninunia. Lakini kwenye kukata kitambaa navihesabu, la sivyo suruali haifungi."

"Basi umemaliza kazi yangu. Pale ubaoni tunaandika inchi tu. Huku ndani kompyuta inahifadhi na vistari vyake, sita baada ya nukta. Fomu zikija mamia kwa pamoja, watu wengi huangukia sekunde moja. Kinachowapanga ni hivyo vistari."

"Na hivyo vistari mnavikata ninyi, sisi hatuoni," Mama Pacha akasema.

"Havikatwi, mama. Vinafichwa wakati wa kuonyesha. Ziko kompyuta nyingine zenye tabia ya kujaza, ikizidi nusu zinaifanya nzima, mtu wa sekunde ya kumi na moja anasomeka wa kumi na mbili. Yetu haijazi. Inaficha tu."

"Inaficha." Mama Pacha alilirudia neno lile akinitazama mimi.

"Fungua," nikasema.

Injinia akaandika kitu, akabonyeza, na safu ya namba ikajipanga kwenye kioo. Akatuelekezea kidole. Kwenye jina la binti wa Mama Pacha palisomeka 08:03:11.638204. Juu yake, kwenye jina la binti yangu, 08:03:11.000000.

"Mbona saa nane? Sisi tulituma saa mbili," Mama Pacha akadaka.

"Hiyo nane ndiyo mbili yetu. Mashine haihesabu kuanzia macheo."

"Haya. Na huko mbele?"

"Hapo mbele ndipo penye jibu lenu. Huyu wa juu ana sifuri, huyu wa chini ana sita na ushee. Amemtangulia kwa zaidi ya nusu sekunde. Ndiyo maana mstari ulipita kati yao."

Mama Pacha aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Akakifuta na ncha ya kitenge. Kisha akaushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nisamehe, jirani," akasema. "Nilikuwaza vibaya, hata kwenye sala nilikuwaza vibaya. Mtoto wako katangulia, basi. Riziki haina fundi."

Nyuma yangu nilimsikia binti yangu akishusha pumzi, ndefu. Mama Pacha akachukua pochi yake. Tungeweza kuondoka pale, tukarudi na kitabu chetu kimoja cha nyimbo, na leo ningekuwa na muuguzi ndani ya nyumba.

Lakini Injinia hakuufunga ukurasa. Macho yake yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye ile safu ya namba.

"Ila," akasema. Halafu akameza neno.

Hakuna aliyeuliza. Mama Pacha alikuwa akitafuta kiatu chake chini ya meza. Nilikiangalia kidole cha yule dada juu ya kipanya, nikajua kwamba ndani ya ile "ila" yumo mwanangu. Nilijua tangu kwenye ule ukuta na zile kelele. Na kwenye kioo cha mlango nilikuwa nimeshaona kichwa cha shemeji kikipita kwenda, kikipita kurudi, na faili ileile kwapani.

"Sema," nikamwambia.

"Mama, labda si kitu."

"Sema, mwanangu. Ulichokiona wewe Mungu naye amekiona."

Injinia akavuta sweta lake. "Angalieni hizi za wengine. Moja moja nne nane saba sifuri. Tisa sifuri saba saba tatu tatu. Ni vurugu tupu, na ndivyo inavyotakiwa. Kompyuta ikipiga saa yenyewe, hupata vurugu. Sifuri sita zikifuatana, siwezi kusema haitokei. Inatokea kama vile umwage kopo la vifungo na vyote vianguke vimeangalia juu."

"Kwa hiyo?" Mama Pacha alikuwa ameacha kutafuta kiatu.

"Kwa hiyo mara nyingi ni mkono wa mtu. Mtu akiandika saa kwa vidole, anaandika anachokiona: saa, dakika, sekunde. Kwingine kompyuta inajijazia sifuri."

"Mkono wa nani?"

Injinia akashika tena kipanya. Alifungua ukurasa mwingine, ule unaoweka kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa, na pale ikasomeka saa ya kwanza ya binti yangu, ya kweli, yenye vurugu zake, iliyochelewa sekunde kadhaa kuliko ile ya ubaoni. Pembeni yake, mahali ilipobadilishiwa: meza ya usajili.

Nikainuka nikafungua mlango. "Shemeji, ingia. Utaichakaza sakafu bure."

Akaingia. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na chumba kile kilikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

"Muhuri!" Mama Pacha akasema. "Wewe? Wewe uliyekunywa uji wangu ulipougua, mkeo akiwa safarini? Ndiyo malipo yake?"

"Mama Pacha, nisikilize. Sikumtoa mwanao."

"Yuko wapi sasa? Yuko juu ya mstari?"

"Nilitaka wafungane!" Sauti ilimpasuka. "Ningetaka kuiba ningeandika sekunde iliyotangulia, nani angejua? Niliandika ileile ya mwanao, makusudi. Zama za muhuri, bahasha mbili zikigongwa saa moja kwenye nafasi ya mwisho, bodi ilichukua wote wawili. Nimeliona kwa macho yangu. Nikasema watoto wa mtaa mmoja, waende pamoja, nani ataumia? Wangekuwa arobaini na mmoja."

Injinia alikuwa akitikisa kichwa taratibu. "Kompyuta haina sare, mzee. Ukiipa sekunde tupu inaichukua ya mwanzo kabisa. Hakuna kinachoitangulia sifuri."

"Mimi nilijua sekunde ndiyo mwisho," shemeji akasema. "Kioo changu kinaonyesha sekunde, basi. Siku orodha ilipotoka nikauona ule mstari umepita kati yao. Nikarudi niirekebishe ile saa, nikaogopa. Nikasema nikigusa tena nitaonekana."

"Ulinisaidia kwa kunizamisha," Mama Pacha akasema. "Ahsante sana, baba."

Shemeji akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe unajua. Kaka alinishika mkono pale kitandani, akaniachia huyu mtoto."

"Alikuachia mtoto," nikamwambia. "Hakukuachia saa."

Akainamisha kichwa. Maji ya ile mashine yaliendelea kudondoka kwenye ndoo. Injinia akasema, kwa upole, kwamba sehemu ile ya saa isingepaswa kuwa wazi kwa meza ya usajili, kosa hilo ni la kwao mafundi, ila sasa ameliona na hawezi kuacha kumwandikia mkuu wa chuo. Na kwamba akiirudisha saa ya kweli, binti wa Mama Pacha atapanda juu ya mstari. Wa kwangu atashuka, na si kushuka nafasi moja tu. Zile sekunde tulizochelewa walikuwa wamepita wengine, na wote wangekuwa mbele yake kwenye kusubiri.

"Rudisha," nikasema.

"Mama," binti yangu akaita. Neno moja tu, na sikugeuka, kwa sababu ningegeuka nisingelisema tena.

"Rudisha, mwanangu."

Akabonyeza. Majina yakaruka, moja likapanda, jingine likatoweka kabisa kwenye kioo, mpaka Injinia akaivuta safu kulitafuta kule chini. Mama Pacha hakushangilia. Alifunika mdomo na kitenge, akawa anatazama ile ndoo.

"Mtoto hakujua lolote," shemeji akasema. "Nikatike ulimi. Sikumwambia yeye, sikumwambia hata mke wangu. Peke yangu, shemeji, mbele ya Mungu."

Hapo ndipo ningeshukuru nikanyamaza. Shemeji yangu ni mjinga wa mambo mengi, lakini kiapo hachezei. Ila mimi kwa siku zote zile nilikuwa nimeshazoea kuchungulia. Nilikumbuka jioni ya baiskeli, binti alivyokuwa ndani anapiga pasi na hakutoka kumwamkia baba yake mdogo. Nilikumbuka siku ya orodha, wenzake wakiruka pale getini, yeye alikaa chini kwenye jiwe akashika kichwa. Nikageuka. Nilimwona machozi yameshafika kidevuni, na bado nikauliza, mbele ya wote:

"Na wewe? Ulijua?"

"Jirani!" Mama Pacha akanivuta mkono. "Mwache mtoto, jamani."

Binti yangu alinitazama. Si kwa hasira, ningeijua hasira yake, tumeshona kibanda kimoja. Alinitazama kama wateja wanavyonitazama ninapowapa nguo na kumbe si yao. Akafuta kidevu kwa kiganja. Akainama mezani, akaichomoa bahasha yake chini ya kiwiko changu, taratibu, isikunjike. Baba yake mdogo alisogeza bega kumpisha. Binti akafungua mlango, akatoka.